Ustadi wa Mawakili na Nguvu ya Walowezi: Rufani za Kapenguria, 1953–1954

Mchungaji aliyekaa usharikani miaka michache tu amekwisha kuijua familia inayofika nyumbani kwake usiku, baada ya ndugu yao kuhukumiwa kifungo. Wanataka sala, lakini wanataka pia shauri. Siku za rufani zinahesabika, na fedha iliyopatikana kwa kuuza ng'ombe haitoshi mambo mawili. Je, waitumie kumlipa wakili hodari wa mjini, au wamtafute mtu mkubwa wa wilaya anayejuana na wakubwa wenzake? Wengi wao wamekwisha kukata shauri kabla hawajabisha hodi. Wanaamini kwamba sheria ni pambo, na kwamba anayepona mahakamani hupona kwa kujuana.

Katika makala haya tunakusudia kuipima imani hiyo kwa shauri moja la historia yetu ya Afrika Mashariki, yaani shauri la Kapenguria. Tumelichagua kwa sababu ndani yake pande zote mbili zilikuwa na nguvu kamili. Upande mmoja ulikuwa na mawakili ambao ni vigumu kuwapata wenye ustadi kuwashinda katika himaya yote ya Uingereza ya siku zile. Upande wa pili ulikuwa na serikali ya koloni pamoja na walowezi waliokwisha kuamua jambo hilo mioyoni mwao kabla ya hakimu kuketi. Zaidi ya hayo, shauri hili lilipanda ngazi zote za rufani, toka hakimu mmoja porini hadi Baraza la Malkia mjini London, hata tunaweza kuona katika kila ngazi ni kitu gani kilichofanya kazi.

Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya na Gavana, Sir Evelyn Baring, tarehe 20 Oktoba 1952. Usiku uleule Jomo Kenyatta, rais wa chama cha Kenya African Union, alikamatwa pamoja na viongozi wengine wengi. Sita kati yao walichaguliwa washtakiwe: Kenyatta mwenyewe, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Richard Achieng Oneko. Shtaka lilikuwa kwamba walikuwa wanachama, na tena waendeshaji, wa Mau Mau, chama kilichopigwa marufuku mwezi Agosti 1950.

Hapo ndipo twapaswa kutembea polepole, maana kazi kubwa ya upande wa serikali ilifanyika kabla hata ya neno moja la ushahidi kusemwa. Kwanza palichaguliwa mahali. Nairobi kulikuwa na mahakama, maktaba, magazeti na umati wa watu. Kapenguria ilikuwa kituo kidogo cha serikali upande wa kaskazini-magharibi, mahali pasipo reli wala hoteli, na eneo lenyewe lilifungwa, mtu asiweze kuingia bila kibali. Washtakiwa hawakukamatwa huko wala hawakuwa wenyeji wa huko. Walikuwa wamepelekwa Lokitaung, mbali zaidi kaskazini. Kwa hiyo waliletwa Kapenguria, wakaachiliwa huru kwa namna ya maneno tu, na papo hapo, tarehe 18 Novemba 1952, wakakamatwa tena, ili isemekane kwamba walikamatwa katika eneo ambalo mahakama ya pale ingeweza kuwahukumu. Hakuna sheria iliyovunjwa waziwazi katika jambo hilo. Sheria ilitumiwa kama ngazi hutumiwavyo na mtu anayetaka kuingia kwa dirishani.

Pili alichaguliwa hakimu. Ransley Thacker alikuwa jaji mstaafu wa Mahakama Kuu ya Kenya, mtu aliyekusudia kuendelea kuishi nchini humo miongoni mwa walowezi. Alipewa cheo cha hakimu kwa ajili ya shauri hilo, naye alisikiliza peke yake, bila baraza la wazee wa mahakama. Miaka mingi baadaye ilifahamika kwamba alilipwa pauni 20,000 kutoka katika mfuko maalumu wa serikali, nje ya mshahara wake, kwa kuwa asingeweza tena kukaa Kenya kwa usalama baada ya kutoa hukumu ile. Wako wanaosema kwamba malipo hayo yalikuwa fidia na si rushwa. Neno hilo tunawaachia wapime wenyewe. Lakini hakimu anayejua kwamba hukumu ya aina moja itamlazimu kuhama, na kwamba kuhama kwake kutagharimiwa na mmojawapo wa pande mbili zilizo mbele yake, hawezi kuitwa huru kwa maana yoyote tunayoifundisha.

Tatu, walitafutwa mashahidi. Gavana mwenyewe aliiandikia Wizara ya Makoloni kwamba juhudi zote zilikuwa zimefanywa ili kuwatuza na kuwalinda, akiongeza kwamba hakuna aliyeweza kujua wangefanya nini watakaposimama uso kwa uso na Kenyatta. Shahidi mkuu alikuwa Rawson Macharia. Alieleza kwamba mwezi Machi 1950 alimwona Kenyatta akisimamia kiapo cha Mau Mau. Macharia alikuwa ameahidiwa masomo ya miaka miwili ya utawala wa serikali za mitaa huko Exeter, Uingereza, pamoja na ulinzi wa jamaa yake na kazi serikalini atakaporudi.

Sasa tuwatazame mawakili. Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza, aliyekuwa mbunge hadi mwaka 1950, na aliyefukuzwa katika chama cha Labour mwaka 1940 kwa sababu ya kuitetea Urusi. Mwaka 1932 alikuwa wakili wa Ho Chi Minh katika rufani iliyotoka Hong Kong hadi Baraza hilohilo la London, na shauri lile likaisha kwa maafikiano yaliyomwokoa mteja wake. Pamoja naye walikuwapo Diwan Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, Dudley Thompson, mwana wa Jamaika aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Tanganyika, na mawakili wa Kenya wenye asili ya Kihindi, A. R. Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh. Ni vigumu kuwaza jopo la namna hiyo likikutana leo. Wengine waliotaka kuja walinyimwa ruhusa ya kuingia nchini.

Watu hao walilazimika kukaa Kitale, umbali wa kilomita zipatazo 35 kutoka mahakamani, katika mji wa walowezi. Kwa sababu ya ubaguzi wa rangi, hawakuweza hata kulala katika hoteli moja wala kula meza moja na kiongozi wao. Kwa hiyo mawakili waliopaswa kupanga utetezi wa pamoja walitengana kila jioni. Pritt aliwapelekea simu ya maandishi wabunge wa London akilalamika kwamba hali ile ilikuwa sawa na kuwanyima watu haki. Thacker akaudhika, na Pritt mwenyewe akashtakiwa mbele ya Mahakama Kuu kwa kuidharau mahakama. Akashinda. Tunaomba msomaji alishike jambo hilo, kwa maana linatuzuia kusema kwa urahisi kwamba majaji wote wa koloni walikuwa vibaraka. Majaji waliomwachilia Pritt walikuwa Waingereza wa Nairobi, waliosoma gazeti lilelile na kuabudu katika makanisa yaleyale pamoja na walowezi.

Liko pia jambo la lugha, ambalo wanafunzi wa theolojia wanaosumbuka na Kiebrania na Kiyunani watalielewa upesi. Mashahidi wengi walisema Kikuyu. Mkalimani wa kwanza alikuwa Louis Leakey, mwanasayansi mashuhuri, mwana wa Kasisi Harry Leakey, mmishenari wa Kianglikana wa Kabete. Hakuna Mzungu aliyejulikana kukijua Kikuyu kama yeye. Lakini alikuwa ameandika na kufanya kazi waziwazi dhidi ya Mau Mau, na Pritt akalalamika kwamba tafsiri yake ilielemea upande mmoja; mwisho Leakey akajiondoa. Si suala la ukweli au uongo wake. Katika mkutano wa Kiambu wa tarehe 24 Agosti 1952 Kenyatta aliilaani Mau Mau mbele ya maelfu ya watu, na upande wa serikali ukadai kwamba laana hiyo haikuwa ya moyo wa kweli. Basi uzito wa laana ya Kikuyu upimwe na nani? Kilichoandikwa katika mwenendo wa shauri kiliandikwa kwa Kiingereza. Sauti, mkazo, mithali, ukimya wa msikilizaji, vyote hivyo vilibaki nje ya karatasi. Na majaji wa rufani hawakupewa kitu kingine isipokuwa karatasi.

Hilo ndilo tunalotaka kulisisitiza. Watu wengi hudhani kwamba rufani ni kesi kuanza upya mbele ya jaji mwema zaidi. Sivyo. Mahakama ya rufani, kwa desturi ya sheria ya Kiingereza tuliyoirithi, husoma mwenendo ulioandikwa chini, nayo husita sana kuingilia uamuzi wa hakimu kuhusu nani aliaminika, kwa kuwa hakimu ndiye aliyewaona mashahidi kwa macho yake. Sababu hiyo ni nzuri palipo na hakimu mwadilifu. Lakini humpa hakimu wa chini uwezo ambao jaji wa juu hawezi kuunyang'anya kwa urahisi. Thacker, katika hukumu yake ya tarehe 8 Aprili 1953, alikiri kwamba kumwamini Macharia kulimaanisha kutowaamini mashahidi kumi wa utetezi. Akasema hakuona shida kufanya hivyo. Pritt alikuwa ameonyesha pia kwamba tendo lililodaiwa la Machi 1950 lilitangulia marufuku ya Agosti mwaka ule. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu, lakini haikumfaa kitu mbele ya hakimu aliyekwisha kuamua kwamba shahidi ni mkweli na washtakiwa ni waongo. Kenyatta na wenzake walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu, na hakimu akapendekeza kwamba wakimaliza wazuiliwe mahali pamoja daima.

Tusisahau hewa iliyoizunguka hukumu hiyo. Tarehe 24 Januari 1953, shauri likiwa katikati, mlowezi Roger Ruck, mkewe Esme aliyekuwa daktari, na mtoto wao mdogo Michael waliuawa kikatili shambani kwao. Muda mfupi baadaye walowezi wapatao 1,500 waliandamana hadi makao ya Gavana Nairobi, wakakaribia kuivunja milango. Si haki kuwacheka watu wale. Walikuwa wamejawa na hofu na majonzi, na mtoto aliyeuawa alikuwa mtoto. Lakini hofu yao haikuwa ushahidi juu ya watu sita waliokuwa wamefungwa tangu Oktoba. Hakuna hakimu wa Kapenguria ambaye angeweza kutoka nje na kuwaambia watu wale kwamba ushahidi haukutosha.

Hapa wasomaji wetu watakuwa wamekwisha kumkumbuka Paulo. Katika Matendo 24 Feliki anamweka kifungoni miaka miwili akitumaini kupewa fedha, na anapoondoka anamwacha humo ili kuwapendeza Wayahudi. Katika sura ya 25 Festo, naye akitaka kujipendekeza kwa wakuu wa mahali, anamwuliza kama yu radhi kuhukumiwa Yerusalemu. Paulo anaelewa papo hapo maana ya mahali. Anakata rufani kwa Kaisari kabla ya hukumu, si baada yake; anataka shauri litoke mikononi mwa wakuu wa Yerusalemu kabla hawajalitengeneza. Kisha Festo anamweleza Agripa shida yake: hana neno la hakika la kumwandikia bwana wake. Paulo alifika Roma bila mwenendo mzito wa shauri nyuma yake. Washtakiwa wa Kapenguria hawakuwa na nafasi hiyo. Walipofika mbele ya majaji wa juu, karatasi za Thacker zilikuwa zimekwisha kutangulia.

Hata hivyo mawakili wao walipata tundu, na tundu hilo lilikuwa zuri sana. Hati ya uteuzi wa Thacker ilimpa mamlaka ya hakimu katika Jimbo la Kaskazini. Kapenguria haikuwa katika Jimbo la Kaskazini. Ilikuwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Kwa maneno mengine, serikali iliyosumbuka hata kuwaachilia watu na kuwakamata tena ili mahali pawe halali, ilikuwa imemteua hakimu wa mahali pengine. Mwezi Julai 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ilikubali hoja hiyo na kuitangua hukumu, kwa kuwa hakimu hakuwa na mamlaka ya kusikiliza shauri. Tunaweza kuwaza furaha ya siku ile. Ilikuwa kazi ya mtu anayesoma kila hati hadi mstari wa mwisho, hata ile ambayo kila mmoja ameiona kuwa ya kawaida. Wanafunzi wanaofikiri kwamba kusoma kwa makini ni uchovu wa bure wangefaa kulitafakari jambo hilo.

Furaha ilidumu majuma machache. Serikali ilipeleka jambo hilo mbele ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, nayo mwaka uleule ikautengua uamuzi wa Mahakama Kuu na kukubali mamlaka ya Thacker. Shauri likarudi Mahakama Kuu lisikilizwe katika uzito wa ushahidi wenyewe, na mwezi Januari 1954 rufani za watu watano zikatupwa. Baadaye mwaka huo Baraza la Malkia mjini London likakataa kutoa ruhusa ya kusikiliza rufani. Ngazi zikawa zimekwisha.

Lakini tumesema watu watano. Wa sita, Achieng Oneko, alishinda. Yeye alikuwa Mluo, mgeni wa lugha ya Kikuyu, na ushahidi juu yake ulikuwa mwembamba hata Mahakama Kuu haikuweza kuuvumilia. Hapa basi ustadi ulifanya kile ambacho ustadi huweza kufanya: mahali ambapo karatasi yenyewe ilikuwa na upungufu, wakili aliuonyesha na majaji wakauona. Kwa watu watano karatasi ilikuwa imejazwa na neno la shahidi aliyeaminiwa na hakimu. Tofauti kati ya Oneko na wenzake haikutoka kwa wakili, maana wakili alikuwa mmoja. Ilitoka katika yale yaliyoandikwa Kapenguria.

Na Oneko hakwenda nyumbani. Aliposhinda rufani alizuiliwa kwa amri ya serikali chini ya kanuni za hali ya hatari, akakaa kizuizini hadi mwaka 1961. Vivyo hivyo Mzee Koinange wa Mbiyu, aliyeshtakiwa kwa kuuawa kwa Chifu Waruhiu, aliachiliwa na mahakama mwaka 1953, lakini akabaki kizuizini karibu hadi kufa kwake mwaka 1960. Serikali iliheshimu hukumu kwa mkono mmoja na kuifuta kwa mkono wa pili, na kila mkono ulikuwa na kifungu chake cha sheria. Anayetaka kujua nguvu ya mahali ilikaa wapi asiitafute katika vyumba vya majaji peke yake. Aitafute pia katika ofisi ambayo haikuhitaji kusikiliza shahidi yeyote.

Wako waliomlaumu Pritt. Walisema alikuwa mwanasiasa kuliko wakili, kwamba aliligeuza shauri kuwa jukwaa, na kwamba wakili mpole wa Nairobi, anayekula chakula na majaji, angepata nafuu zaidi. Lawama hiyo haistahili kupuuzwa, kwa kuwa ndiyo mantiki ileile ya familia inayomtafuta mtu wa kujuana. Sisi hatuioni kuwa ya kweli. Wakili mpole asingeweza kubadili mahali, wala hakimu, wala ahadi za Exeter. Lawama yenye uzito zaidi ni nyingine. Washtakiwa wote sita walitetewa kwa pamoja, kana kwamba hali zao zilikuwa moja, na hazikuwa moja. Kaggia na Kubai walikuwa kweli ndani ya uongozi wa siri wa mapambano yale, na Kaggia aliyaeleza mwenyewe katika kumbukumbu zake za mwaka 1975. Kenyatta, kwa jinsi wanahistoria walio wengi wanavyoona leo, hakuwa mwendeshaji wa Mau Mau. Utetezi wa mmoja mmoja labda ungemfaa yeye kwa sheria, na ungeliharibu taifa lililokuwa likizaliwa. Washtakiwa walichagua kusimama pamoja. Wakili hawezi kuchagua zaidi ya mteja wake.

Tena ni lazima kusema neno juu ya wale wasiokuwa na Pritt. Mwanahistoria David Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 2005, amehesabu watu 1,090 walionyongwa Kenya kwa makosa yaliyohusu Mau Mau. Wengi wao walikuwa vijana wa mashambani. Walitetewa na mawakili waliolipwa kidogo na serikali, ambao mara nyingine walikutana na mteja siku chache tu kabla ya shauri. Miongoni mwa mawakili hao walikuwamo Wahindi wa Nairobi waliokuwa wamekaa upande wa Pritt kule Kapenguria. Kwao ustadi haukuwa jambo la kujadiliwa katika makala kama haya. Tundu dogo katika hati ya mashtaka, tarehe iliyokosewa, maungamo yaliyochukuliwa kwa kipigo na kukataliwa na jaji mmoja mwenye dhamiri, hayo ndiyo yaliyotenganisha mtu na kamba. Tunapoiambia familia ya usharikani kwamba sheria ni pambo tu, tunawasahau wale ambao pambo hilo liliwarudisha hai kwa mama zao.

Mwaka 1958 Pritt alikuja Dar es Salaam kumtetea Julius Nyerere, aliyeshtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wawili wa wilaya katika gazeti la Sauti ya TANU. Wakili alikuwa yuleyule, na mteja wake alionekana kuwa na hatia. Lakini safari hii adhabu ilikuwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa, na rufani haikuhitajika. Ustadi wa Pritt haukuwa umeongezeka katika miaka mitano. Kilichobadilika ni kwamba serikali ya Tanganyika ilikuwa inauelekea uchaguzi, nayo haikuona faida kumfanya Nyerere mfungwa. Nguvu ya mahali huweza kuvuta upande wa rehema pia, na mshtakiwa mwerevu hushukuru bila kuitegemea.

Mwezi Novemba 1958 Rawson Macharia alitia sahihi hati ya kiapo akieleza kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba yeye na wengine walikuwa wamenunuliwa. Kenyatta alikuwa bado gerezani Lokitaung. Serikali ilikuwa na njia mbili. Ingeweza kumshtaki Macharia kwa uongo wa mwaka 1953, lakini hapo ingekiri kwamba hukumu ya Thacker ilisimama juu ya uongo. Ikamshtaki kwa uongo wa mwaka 1958, yaani kwa kuapa kwamba alikuwa amesema uongo. Pritt alirudi Kenya kumtetea mtu yuleyule ambaye miaka sita nyuma alikuwa amemhoji kama adui. Barua ya ahadi za Exeter, ambayo huko Kapenguria haikuwahi kuonekana, sasa ilisomwa mahakamani na kuandikwa magazetini. Mwaka 1959 Macharia alihukumiwa kifungo cha miezi 21. Hukumu ya Kapenguria haikutanguliwa na mahakama yoyote. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Juni 1963, mfungwa wa Lokitaung aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Kenya, na hati za shauri lake zingali zinasema kwamba ana hatia.